Nyutrino hupenya karibu kila kitu. Sasa nini kilizifungia sekunde 12 ndani ya nyota ya nyutroni?

KusiniMwaAnga (mleta uzi):

Wakuu, habari za jioni.

Kila mada ya anga ikifunguliwa humu lazima atokee mtu aandike kwamba nyutrino haigusani na chochote: inapita kwenye ukuta, kwenye mwili, kwenye dunia nzima, na kuondoka zake. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Kutoka kwenye jua peke yake, nyutrino bilioni 65 hivi hupita kila sekunde kwenye kila sentimita mraba ya ngozi yako. Lakini kuna mahali nyutrino hunaswa zikashindwa kutoka, na ushahidi wake upo. Mahali penyewe ni nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichobanana cha nyota kubwa iliyoporomoka, pale inapozaliwa. Mimi naona ndiyo habari kubwa kuliko zote kuhusu chembe hii, na sijaona mtu akiieleza kwa Kiswahili kwa kirefu, ndiyo maana nimeamua kuiandikia uzi wake.

Nianze na ushahidi.

Jumatatu tarehe 23 Februari 1987, saa 4:35 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, tangi la maji la Kamiokande, lililofukiwa ndani ya mgodi wa Kamioka huko Japani, lilirekodi mimuliko 11 midogo ya mwanga, kila mmoja ukiwa alama ya nyutrino moja iliyonaswa. Tangi jingine, IMB, ndani ya mgodi wa chumvi kando ya Ziwa Erie nchini Marekani, lilirekodi 8. Kituo cha Baksan kwenye milima ya Kaukazi kilirekodi 5. Jumla 24. Saa chache baadaye nuru ikafika: nyota imelipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, umbali wa miaka ya nuru 168,000 hivi. Supanova hiyo ikaitwa SN 1987A, na ilionekana kwa macho matupu. Wingu lenyewe hata sisi wa Dar na Nairobi tunaliona, chini chini upande wa kusini, miezi ya Desemba na Januari, ukikaa mbali na taa za mji.

Japani hailioni kabisa. Liko kusini mno, halichomozi kule. Maana yake nyutrino zilizonaswa Kamioka zilitokea chini: ziliingilia upande wa pili wa dunia, zikapita kwenye miamba yote, ndipo zikafika kwenye tangi. Dunia nzima haikuzizuia.

Sasa angalieni muda. Kwenye kumbukumbu za Kamiokande, mimuliko 8 ilitokea ndani ya sekunde 2 za mwanzo. Kisha kimya cha sekunde 7 na ushei. Kisha ikaja 3 ya mwisho, kati ya sekunde ya 9 na ya 13. Nyota ya nyutroni ina nusu kipenyo cha kilomita 12 hivi. Chembe inayokwenda karibu na kasi ya mwanga, ikiachiwa njia, huvuka kilomita 12 kwa sehemu ndogo sana ya sekunde: 12 gawanya kwa 300,000, yaani sekunde 0.00004. Zile zilichukua sekunde 12. Kwa hiyo kitu ambacho dunia nzima ilishindwa kukisimamisha, kilizuiwa na mpira wa kilomita chache kwa muda mrefu zaidi ya mara 100,000 kuliko ulivyostahili.

Naendelea hapo chini na sababu. Karibuni maswali.

---

Mzee wa Hesabu:

Mleta uzi, nakupa saluti kwa kuweka takwimu. Ila nina shaka moja. Nyutrino 24 ni chache mno. Huoni unajenga nyumba kubwa juu ya msingi mdogo? Huenda hicho kimya cha sekunde 7 ni bahati tu.

---

KusiniMwaAnga:

Swali zuri, mkuu. Kimya chenyewe wengi wanakichukulia kuwa ni bahati ya sampuli ndogo, na mimi sijengi juu yake. Ninachojengea ni kwamba zilitawanyika kwa sekunde, si kwa mafungu ya milisekunde. Na hilo lilikuwa limeshatabiriwa: Adam Burrows na James Lattimer walichapisha hesabu zao za kuzaliwa kwa nyota ya nyutroni mwaka 1986, mwaka mmoja kabla ya mlipuko, na wakasema nyutrino zitavuja kwa sekunde kadhaa. Nishati nayo ilikubaliana. Ukikokotoa kutoka kwenye mimuliko hiyo michache unapata kama jouli 3 × 10^46, ambayo ndiyo nishati ya mvutano inayoachiliwa pale kiini cha nyota chenye masi kubwa kuliko jua kidogo kinapoporomoka hadi kuwa mpira wa kilomita 12. Ni zaidi ya mara 200 ya nishati yote ambayo jua litatoa kwa miaka bilioni 10. Asilimia 99 yake iliondoka na nyutrino. Mwanga wote uliowashangaza watu ni makombo tu.

Sasa sababu za kunaswa.

Ya kwanza ni densiti, yaani msongamano. Ndani ya nyota ya nyutroni, sentimita moja ya ujazo ina gramu trilioni 280 hivi, na katikati kabisa huenda ikawa mara kadhaa ya hapo. Kila sentimita ya njia nyutrino inakutana na nyutroni na protoni nyingi kupita kiasi.

Ya pili ni nishati ya nyutrino yenyewe. Kani dhaifu, ambayo ndiyo pekee inayoigusa nyutrino ukiacha mvutano, huongezeka uwezo kadiri nishati inavyopanda, tena kwa mraba. Nyutrino ya megaelektronivolti 100 (ni kipimo cha nishati ya chembe) ina nafasi ya kugongana mara 100 zaidi ya ile ya megaelektronivolti 10. Katikati ya nyota changa nyutrino huwa na megaelektronivolti 100 hadi 200. Ukiweka sababu hizi mbili pamoja, umbali ambao nyutrino husafiri bila kugonga kitu unashuka kutoka umbali wa mwaka wa nuru ndani ya risasi hadi mita chache, na kule ndani kabisa hadi sentimita.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua hatua ya sentimita 10. Kila ikigonga inageuzwa upande wowote, haina mwelekeo. Mwendo wa namna hiyo unahitaji hatua nyingi sawa na mraba wa uwiano wa nusu kipenyo kwa hatua. Kilomita 12 kwa sentimita 10 ni 120,000. Mraba wake ni bilioni 14.4. Zidisha kwa sentimita 10 unapata kilomita milioni 1.44 za kuzunguka humo ndani. Gawanya kwa kasi ya mwanga: sekunde 4.8. Hesabu ya kalamu na karatasi imetufikisha kwenye sekunde, mulemule zilimo zile za Kamiokande.

---

Mkemia wa Mwanza:

Hapa umenigusa. Ila kabla nyota haijawa ya nyutroni, si kuna hatua ya kuporomoka ambapo bado kuna viini vya atomu vizima, chuma na jamaa zake? Huko densiti bado ni ndogo sana kuliko hizo trilioni 280. Nyutrino si zingekimbia mapema?

---

KusiniMwaAnga:

Ndugu mkemia, hapo ndipo penye utamu, na wataalamu wenyewe walipakosa hadi miaka ya 1970.

Kiini cha nyota, kilichojaa chuma, kinapoporomoka, elektroni husukumizwa ndani ya protoni, protoni ikawa nyutroni na nyutrino ikatoka. Mwanzoni nyutrino hizo hukimbia kweli. Mwaka 1974 Daniel Freedman akaonyesha kwamba nyutrino yenye nishati ndogo haioni nyutroni mojamoja ndani ya kiini cha atomu. Wimbi lake ni refu kuliko kiini kizima, kwa hiyo inakigonga chote kwa mpigo mmoja, na uwezekano wa kugonga unapanda kwa mraba wa idadi ya nyutroni. Chuma-56 ina nyutroni 30. Badala ya kuhesabu 30 unahesabu 900. Ni ongezeko kubwa sana, na ndilo linalofunga mlango mapema: densiti ikifika gramu trilioni moja hivi kwa sentimita ya ujazo, nyutrino zinasukumwa ndani na mata inayoporomoka kwa kasi kuliko zinavyoweza kuvuja nje. Zimeshafungwa, na nyota ya nyutroni bado haijaundwa.

Freedman alisubiri miaka 43. Mwaka 2017 timu ya COHERENT, kwenye maabara ya Oak Ridge, Tennessee, iliuona mgongano wa aina hiyo kwa mara ya kwanza, kwa fuwele ya uzito wa kilo 14.6. Kilo 14.6! Vifaa vya kunasa nyutrino vilikuwa vimezoeleka kwa maelfu ya tani.

Kadiri densiti inavyokaribia ile ya kiini cha atomu, viini huanza kugusana na kuungana, vikapita kwenye maumbo ya ajabu: mabonge, kisha nyuzi ndefu kama tambi, kisha bapa kama chapati zilizopangwa, kabla ya kuyeyuka kuwa mata moja laini. Ukubwa wa maumbo hayo unakaribiana na wimbi la nyutrino, kwa hiyo nayo huzisukasuka kwa nguvu. Charles Horowitz na wenzake wamelifanyia kazi sana hili.

Na nyutrino si aina moja. Ile ya elektroni inaweza kumezwa na nyutroni, na nyutroni zimejaa tele, kwa hiyo inang'ang'aniwa hadi tabaka la nje, lenye baridi zaidi. Antinyutrino ya elektroni, yaani pacha wake wa kinyume, inamezwa na protoni, ambazo ni chache, hivyo inaponyoka kutoka ndani zaidi kidogo. Za myuoni na tau, chembe jamaa za elektroni ila nzito zaidi, haziwezi kumezwa kirahisi kwa sababu nishati ya kutengeneza myuoni au tau haitoshi, zinagongwagongwa tu, na zinatoka kutoka kina kirefu zaidi. Kila aina inabeba habari ya tabaka lake.

---

Mzee wa Hesabu:

Nimeridhika na ile ya 24. Sasa narudi na nyingine, na hii naona itakusumbua. Unasema msongamano ndio unaozifunga. Lakini nyota ikizeeka haipanuki, inazidi kubana. Mbona tunaambiwa nyota ya nyutroni iliyopoa inapitisha nyutrino kama kioo? Msongamano uleule, mara unafunga, mara unafungua?

---

KusiniMwaAnga:

Mzee wangu, shikamoo. Hilo ndilo swali ambalo uzi huu uliandikwa kwa ajili yake.

Ndiyo. Msongamano uleule unafunga na unafungua.

Nyutroni hazikubali mbili kukaa hali moja, kanuni ya Wolfgang Pauli. Ukizibana, zinajaza ngazi za nishati kutoka chini kwenda juu, na kwenye densiti ya kiini cha atomu ngazi ya juu iliyojaa iko kwenye megaelektronivolti 60 hivi. Nyutrino ikija kugonga nyutroni ya katikati, nyutroni hiyo lazima ipokee nishati kidogo na kuhamia ngazi nyingine. Ngazi za jirani zote zimejaa. Haina pa kwenda. Na kama haina pa kwenda, mgongano hautokei: nyutrino inapita kana kwamba nyutroni haipo.

Zinazoweza kuhama ni zile za juu kabisa, karibu na ukingo, na unene wa ukingo huo unategemea joto. Nyota ikiwa changa, na joto la zaidi ya nyuzi bilioni 300, ukingo ni mnene, nyutroni nyingi zina uhuru wa kugongwa. Ikishapoa hadi nyuzi bilioni 1, nishati ya joto ni kama megaelektronivolti 0.09 tu. Linganisha na 60. Ni kama nyutroni moja kwa kila elfu iliyobaki na uhuru. Nyutrino zenyewe nazo zimepungua nishati kwa kuwa zinazaliwa kwenye baridi. Basi njia inafunguka yote. Katika dakika moja hivi tangu kuzaliwa, nyota inageuka kutoka gereza hadi uwazi, na haijapungua densiti hata kidogo, imeongezeka.

Kwa hiyo mtu akisema "nyota ya nyutroni ni nzito mno, hata nyutrino hazipiti", muulizeni: ya umri gani?

---

BintiNgomeni:

Asante sana kaka kwa uzi huu. Mimi ni wa Ngomeni, huku Malindi. Tangu utoto tunaambiwa setilaiti ilirushwa kutoka lile jukwaa la Waitaliano baharini na ikagundua nyota za ajabu. Je, ina uhusiano na hizi za nyutroni au ni habari za vijiweni tu?

---

KusiniMwaAnga:

Dada, ni kweli tupu, na jivunieni. Setilaiti hiyo ni Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kupima eksirei za anga. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco hapo kwenu, na ikapewa jina hilo kwa sababu ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ndiyo iliyoonyesha kwamba Centaurus X-3 inapiga kila baada ya sekunde 4.8 na kwamba inazunguka na mwenzake kila siku 2.1. Ile ni nyota ya nyutroni inayonyonya gesi ya jirani yake.

Uhuru haikupima nyutrino, tuwe wakweli. Lakini tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2002 iligawanywa kwa watu watatu: Riccardo Giacconi, aliyeongoza Uhuru, Masatoshi Koshiba, wa Kamiokande, na Raymond Davis, aliyenasa nyutrino za jua. Jukwaa la Ngomeni na mgodi wa Kamioka vimo kwenye tuzo moja.

---

Mkemia wa Mwanza:

Baada ya hiyo dakika moja, nyutrino zinaacha kuwa na kazi? Nyota imeshakuwa kioo, mada imeisha?

---

KusiniMwaAnga:

Hapana, ndiyo zinageuka kuwa njia kuu ya kupoa. Kwa takriban miaka 100,000 nyota hupoteza joto kwa nyutrino zinazozaliwa ndani na kutoka moja kwa moja, zaidi ya mwanga unaotoka usoni mwake.

Njia rahisi ni hii: nyutroni inavunjika kuwa protoni, elektroni na antinyutrino, kisha protoni inameza elektroni, inarudi nyutroni na kutoa nyutrino. Mzunguko huu unaitwa Urca, jina alilolichagua George Gamow na Mario Schoenberg kutokana na kasino ya Rio de Janeiro. Kila duru nyota inapoteza nyutrino mbili, na joto linaondoka nazo.

Tatizo ni momenta, yaani masi mara kasi. Nyutroni ya ukingoni ina momenta kubwa, na protoni na elektroni zinazozaliwa lazima zitoshe kuibeba kwa pamoja. Momenta ya ukingoni inapanda kwa kipeo cha theluthi moja cha idadi. Tuseme kuna protoni moja kwa kila nyutroni 8. Kipeo cha tatu cha 2 ni 8, kwa hiyo protoni ina nusu ya momenta ya nyutroni. Elektroni ni nyingi sawa na protoni, maana nyota haina chaji, nayo ina nusu. Nusu na nusu, inatosha kwa kubana. Protoni zikiwa chini ya moja kwa tisa, yaani asilimia 11, hazitoshi, na mzunguko unazimwa. Ndipo nyutroni ya jirani inalazimika kuingilia na kubeba tofauti, na njia hiyo ya jirani ni polepole: kwenye nyuzi bilioni 1 ni dhaifu mara milioni moja hivi. Lattimer, Pethick, Prakash na Haensel waliliweka wazi hili mwaka 1991.

Nawaomba mlitafakari hili. Tukipima tu jinsi nyota inavyopoa, tunajua kama katikati yake protoni zimevuka asilimia hiyo. Hakuna atakayefika kule na kipimo, lakini joto la usoni linatusimulia.

Mfano ni Cassiopeia A, umbali wa miaka ya nuru 11,000 hivi, masalia ya mlipuko wa karne ya 17. Darubini ya Chandra iliona nyota yake mwaka 1999. Mwaka 2010 Craig Heinke na Wynn Ho wakatangaza kwamba joto la uso wake limeshuka asilimia 4 kwa miaka 9, kasi kubwa mno kwa njia ya jirani. Mwaka uliofuata timu mbili zikatoa maelezo yaleyale: nyutroni zinaanza kushikana jozi na kuwa majimaji yasiyo na msuguano, na kila jozi inapofungwa hutoa nyutrino na antinyutrino. Wengine wamepinga kiasi hicho, wakionyesha kwamba sehemu ya kushuka huko ni kuchakaa kwa kamera yenyewe. Mimi nakubali maelezo ya jozi, ila namba ya asilimia 4 naiona imezidi.

---

Mzee wa Hesabu:

Marahaba, kijana. La mwisho. Hesabu zako za kugongana umezifanya kana kwamba kila nyutroni iko peke yake. Nyutroni zilizobanana hivyo si zinavutana na kusukumana?

---

KusiniMwaAnga:

Umenikamata pazuri. Zinavutana na kusukumana kwa kani kubwa ya kiini, na mwaka 1998 Burrows na Raymond Sawyer, na kwa upande mwingine Sanjay Reddy, Prakash na Lattimer, walionyesha kwamba hilo hupunguza migongano kwa mara 2 au 3, hata zaidi kwenye densiti kubwa. Nyutroni moja ikitaka kuyumba, jirani zake zinaizuia. Hatua ile ya sentimita 10 inarefuka, nyota inavuja haraka zaidi, na zile sekunde zinafupika. Kiasi gani hasa? Hapo nadharia bado zinagombana.

Mwamuzi atakuwa supanova ijayo ya galaksi yetu. Super-Kamiokande, yenye tani 50,000 za maji, itanasa maelfu ya nyutrino ikitokea upande wa katikati ya galaksi, na Hyper-Kamiokande inayojengwa itakuwa na tani kama 260,000. Badala ya mimuliko 11 tutakuwa na mchoro kamili wa jinsi nyota inavyopoa, sekunde kwa sekunde. Ukishuka taratibu kwa dakika nzima, nyota ya nyutroni imezaliwa na tutaweza kusoma humo nguvu ya migongano. Ukikatika ghafla katikati, mpira umezidiwa na mvutano na kuwa tundu jeusi, na nyutrino zilizokuwa bado njiani zimebaki ndani.